Baba akiitwa kwenye huduma nyingine, familia nayo imeulizwa?

Wiki hii nilikuwa nimepanga tuendelee na suala la watoto na simu. Nimeliweka kando kwa sababu ya barua niliyopokea kutoka ng'ambo, na ambayo naamini itawagusa wengi. Mwandishi wake ameniruhusu kuitumia. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Ni mama Mtanzania anayeishi Ujerumani. Mume wake ni mchungaji aliyetumwa na kanisa la nyumbani kuhudumu katika usharika wa kanisa rafiki huko. Wana binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 9. Anaandika hivi:

"Tumekaa hapa miaka minne. Mwaka wa kwanza binti yangu alikuwa akilia kila Jumapili jioni, kwa sababu kesho yake ni shule. Sasa ana marafiki, na usingizini anaongea Kijerumani. Mwezi uliopita mume wangu aliniambia Mungu anamwita aache usharika, twende Hamburg akahudumie mabaharia bandarini. Alisema ameomba kwa muda mrefu na ana amani. Mimi sina amani. Nikisema hivyo naonekana nampinga Mungu. Kila mtu ananiita mama mchungaji, lakini katika hili sikuulizwa. Nifanye nini?"

Dada yangu, asante kwa kuandika. Nitajaribu kujibu, na wasomaji ambao si Wakristo wasifunge ukurasa. Huyu ameitwa na huduma. Mwingine ameitwa na mkataba wa Doha, mwingine na uhamisho wa serikali kutoka Tanga kwenda Katavi. Mtoto anayefungasha mabegi haoni tofauti kubwa.

Hakuna mtu mbaya hapa

Tuanze kwa kumtendea haki mume. Kazi anayoitazama si ndogo. Mabaharia wengi wanaopita bandari za Ulaya wanatoka Ufilipino, India na nchi nyingine za mbali, na hukaa baharini miezi mingi bila kuona familia zao. Meli za makontena hazikai bandarini siku nyingi. Nyingine hupakua, hupakia na kuondoka ndani ya saa chache. Mhudumu wa mabaharia hupanda melini kwa ngazi, humpa mtu laini ya simu ampigie mkewe, humsindikiza mgonjwa hospitali, humsikiliza aliyefiwa akiwa katikati ya bahari. Mchungaji Mwafrika anayejua maana ya kuishi mbali na kwao anaweza kufaa sana hapo.

Kwa hiyo swali si kama kazi ni njema. Kazi njema ziko nyingi. Swali ni kama ni yake, kama ni sasa, na kama nyumba yake nzima inaweza kuibeba. Maswali haya matatu hayajibiwi na mtu mmoja akiwa amepiga magoti peke yake chumbani.

Angalia pia suala la muda. Mume ameomba "kwa muda mrefu". Huenda ni miezi sita, huenda mwaka. Ameogopa, amesita, ametafakari, mpaka akafika kwenye amani. Kisha mke anaelezwa jioni moja baada ya chakula, na anatarajiwa kufika kwenye amani ile ile kabla ya kulala. Mwenzake ametembea safari nzima. Yeye ndiyo kwanza anavaa viatu. Kukosa amani usiku ule si uasi, maana hata nafasi ya kuanza kuomba hakuwa ameipata.

Wito hupimwa na wengi

Wahubiri hupenda kusimulia jinsi Mtume Paulo alivyoona maono usiku pale Troa, mtu wa Makedonia akimwita avuke kwenda kuwasaidia. Someni tena sura ya 16 ya Matendo ya Mitume taratibu. Kabla ya maono hayo, Paulo alikuwa amezuiwa mara mbili kwenda alikotaka, Asia kwanza, kisha Bithinia. Na baada ya maono, msimulizi anaanza kutumia neno "sisi". Maono aliyaona mmoja, lakini uamuzi wa kwamba ni Mungu aliyewaita ulikuwa wa kundi. Sura ya 13 nayo ni hivyo hivyo: Paulo na Barnaba walitengwa kwa ajili ya kazi wakiwa pamoja na viongozi wa kanisa la Antiokia, katika kufunga na kuomba.

Wakatoliki wana mwalimu wao katika jambo hili, Ignasi wa Loyola, aliyeanza kuchunguza mienendo ya moyo wake mwaka 1521, alipokuwa amelala akiuguza mguu uliovunjwa na mzinga vitani. Moja ya mashauri yake ni kwamba mtu asibadilishe uamuzi wake akiwa katika kipindi cha giza na ukavu wa roho. Shauri hili ni kubwa kwa wamisionari. Wakati mwingine kinachoitwa wito mpya ni uchovu wa wito wa zamani. Usharika una migogoro, waumini ni wachache na wazee, baridi haliishi, na mtu anaanza kuota bandari. Huenda bandari ni wito wa kweli. Lakini ulizeni: je, anakwenda mahali, au anakimbia mahali?

Ndiyo ya kulazimishwa

Historia ya umisionari ina mifano ambayo familia ndiyo iliyolipa. William Carey, fundi viatu wa Uingereza aliyekuja kuwa mtafsiri mkubwa wa Biblia nchini India, aliamua kusafiri mwaka 1793. Mke wake, Dorothy, alikataa. Alikuwa mjamzito. Mume akaondoka na mtoto mkubwa, lakini safari ikachelewa, wakarudi kumshawishi tena. Mwenzake Carey alimbana Dorothy hadi akakubali, kwa sharti kwamba dada yake aende naye. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter, wa miaka 5, alikufa huko India. Dorothy alirukwa na akili, na hakupona mpaka alipofariki mwaka 1807.

Sisi Watanzania tunamjua David Livingstone kwa Ujiji, alikokutana na Stanley mwaka 1871, na kwa Bagamoyo, ambako mwili wake ulifikishwa mwaka 1874 na akina Chuma na Susi. Mke wake, Mary, wengi hatumjui.

Mary hakuwa mgeni wa Afrika. Alizaliwa kusini mwa bara hili mwaka 1821, binti wa wamisionari, na huko Kolobeng, katika Botswana ya leo, alikuwa akifundisha watoto. Mumewe akaanza kuona kwamba huduma yake si kukaa kituoni, bali kufungua njia za kuingia ndani ya bara. Mwaka 1850 aliwachukua mke na watoto hadi Ziwa Ngami. Watoto wakashikwa na homa, na binti aliyezaliwa waliporudi alikufa baada ya wiki chache. Mwaka 1851 akawachukua tena, Mary akiwa mjamzito, ingawa mama mkwe alikuwa amemwandikia kwa hasira kumzuia. Mtoto akazaliwa njiani. Mwaka 1852 Livingstone akawapandisha meli mke na watoto wanne kwenda Uingereza, yeye akaendelea na safari.

Walikaa bila kuonana zaidi ya miaka minne. Mary alihamahama kwenye vyumba vya kupanga, fedha zikimpungukia. Alipomfuata mumewe mto Zambezi mwaka 1862, alikufa kwa homa huko Shupanga, Msumbiji, miezi michache baada ya kufika. Mtoto wao wa kwanza, Robert, alikwenda kumtafuta baba yake, hakumfikia. Akaishia Marekani, akajiunga na jeshi kwa jina lisilo lake, akafa mateka wa vita mwaka 1864 akiwa na miaka 18.

Je, huduma mpya ya Livingstone ilikuwa bure? Hapana. Maandishi yake yaliamsha watu dhidi ya biashara ya utumwa, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, mwaka ule ule aliofariki. Lakini yeye mwenyewe baadaye aliandika akijutia kwamba hakutenga muda wa kucheza na watoto wake. Walipokuwa wadogo alikuwa na kazi. Alipopata nafasi, walikuwa wameshakua.

Aliyechukua muda

Mfano mwingine ni Eric Liddell, Mskoti aliyeshinda mbio za mita 400 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924, baada ya kukataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulikuwa Jumapili. Mwaka uliofuata alirudi China, alikozaliwa, akawa mwalimu katika chuo mjini Tianjin. Alitumwa na London Missionary Society, shirika lile lile lililomtuma Livingstone.

Katikati ya miaka ya 1930 shirika lilimtaka aache ualimu aende kuhubiri vijijini, eneo la Xiaozhang. Liddell hakuruka. Chuo kilikuwa na upungufu wa walimu. Alijiona ni mwalimu zaidi kuliko mhubiri wa vijijini, na Kichina chake hakikumtosha. Alikuwa na mke, Florence, na watoto wadogo, na vijiji hivyo vilikuwa na ukame, majambazi na vita. Suala hilo lilichukua zaidi ya mwaka wa kuomba na kushauriana kabla hajakubali. Alikwenda mwishoni mwa mwaka 1937, familia ikabaki Tianjin kwa sababu ya hatari.

Sitasema kwamba kwa kuwa alifikiri sana, mambo yalimnyookea. Mwaka 1941 hali ilipozidi kuwa mbaya aliwatanguliza Kanada mkewe mjamzito na mabinti wawili. Yeye akawekwa kambini na Wajapani, akafa kwa uvimbe wa ubongo mwezi Februari 1945, miezi michache kabla ya vita kwisha. Binti wa tatu, Maureen, hakuwahi kumwona baba yake.

Kwa hiyo kupambanua vizuri hakuondoi gharama. Kunachofanya ni kwamba wanaolipa wanakuwa wameiona bei mapema. Mke anayejua kwa nini analala peke yake, na aliyepewa nafasi ya kusema hapana, hubeba mzigo tofauti na yule aliyeburuzwa.

Watoto hawana kura, lakini wana habari

Sasa tuwaguse watoto. Miaka ya 1950 mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Hill Useem, akichunguza Wamarekani waliokuwa India, alianza kuwaita watoto wa aina hii watoto wa utamaduni wa tatu. Wa kwanza ni wa wazazi, wa pili ni wa nchi wanakoishi, na wa tatu ni ule wanaoujenga wenyewe katikati. Watoto hawa hujifunza lugha upesi na hawaogopi wageni. Lakini ukiwauliza kwao ni wapi, hunyamaza kwanza. Na kila wakihama hupoteza vitu visivyo na kaburi: rafiki wa dirishani, mbwa wa jirani, mwalimu aliyejua kutamka jina lao.

Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 na umoja wa makanisa ya kiinjili katika nchi 14, kuhusu kwa nini wamisionari huacha kazi, ulikuta masuala ya watoto yakiwa miongoni mwa sababu kubwa kwa wale wanaotoka nchi zenye historia ndefu ya kutuma wamisionari. Kanisa linalopuuza watoto wa mchungaji hatimaye humkosa na mchungaji mwenyewe.

Katika suala lenu, dada, shule ni jambo la kuangalia mapema. Katika majimbo mengi ya Ujerumani mtoto hugawanywa baada ya darasa la nne, akiwa na miaka kama 10, kuelekea aina tofauti za sekondari; ile inayoitwa Gymnasium ndiyo njia ya kawaida ya kwenda chuo kikuu. Kila jimbo lina utaratibu wake, na Hamburg ni jimbo linalojitegemea. Mvulana wenu wa miaka 9 yuko karibu kabisa na kona hiyo. Kuhama sasa, au baada ya mwaka, si jambo moja.

Binti wa miaka 13 naye asiambiwe siku ya mwisho. Hatumpi kura ya kuamua wito wa baba yake, huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Lakini ana habari ambazo nyie hamna. Anajua yanayotokea shuleni, anajua anachokiogopa. Mwulizeni, kisha nyamazeni asikike. Msimwambie "Mungu ndiye anataka" kama njia ya kumnyamazisha. Mtoto anayeambiwa kwamba Mungu ndiye aliyemnyang'anya marafiki, siku moja atamchukia huyo Mungu.

Ikiwa mtaamua kuhama, Mmarekani David Pollock, aliyefanya kazi miaka mingi na familia za wamisionari, alifundisha mambo manne, akiyafananisha na chelezo cha kuvukia mto. Kwanza, kupatana: yeyote mliyekosana naye, malizeni kabla ya kuondoka. Pili, kushukuru: waambieni watu walichokuwa kwenu. Tatu, kuaga: watu, nyumba, mti wa uani, hata duka la mikate. Nne, kuwaza mnakokwenda: oneni picha, jueni shule, pangeni nani atalala chumba gani. Gogo moja likikosekana, chelezo huingia maji.

Maswali ya mezani

Kaeni wawili, simu zikiwa mbali, mwandike majibu:

Ni lini wazo hili lilianza, na nini kilikuwa kikiendelea usharikani wakati huo?

Nani mwingine, asiye wa familia na asiyetuogopa, ameambiwa na anasemaje? Askofu au kanisa lililomtuma limehusishwa, au litapewa taarifa tu?

Kibali cha kuishi kimefungwa na kazi ya sasa? Mkataba mpya ni wa miaka mingapi, na nani analipa? Kama mnaishi nyumba ya usharika, mtahamia wapi?

Kazi hiyo ni ya usiku na sikukuu? Kama Krismasi baba atakuwa melini, sisi tutakuwa na nani?

Mama atafanya kazi gani huko? Mara nyingi wito wa mke hauulizwi, kana kwamba ulikwisha siku ya harusi.

Tukisubiri mwaka mmoja, nini kitaharibika? Wito wa kweli mara nyingi huweza kungoja. Ule usioweza kungoja hata mwezi, uchunguzeni vizuri zaidi.

Kwa mume, ikiwa mkeo atakupa gazeti hili usome: mweleze safari yote, siyo mwisho wake tu. Mweleze na siku ulizokuwa na mashaka. Atakuamini zaidi kwa mashaka yako kuliko kwa amani yako.

Kwako, dada: usiseme "hapana" kama unachomaanisha ni "bado". Na usiseme "ndiyo" kama unachomaanisha ni "nimechoka kubishana". Sema neno lenyewe. Omba muda wenye tarehe, tuseme miezi mitatu, ndani yake nendeni Hamburg wote wanne kwa siku mbili. Mkaione bandari, mkazungumze na mke wa mtu anayeifanya kazi hiyo. Baada ya hapo, hata ukikosa amani, utajua ni kwa sababu gani. Na ukiipata, itakuwa yako.

Neno la mwisho ni kwetu tuliobaki nyumbani. Familia iliyo ng'ambo ikibadilisha huduma, au ikiamua kurudi, huwa tuna haraka ya kusema "wameshindwa Ulaya". Wapo wanaobaki mahali pasipowafaa miaka mingi kwa kuogopa maneno yetu, na kwa kuogopa kwamba fedha za ada ya wadogo zao zitakatika. Bibi na babu, mashemeji, wazee wa kanisa: wakipiga simu wiki hizi, tusiulize kwanza watatuma nini au watahamia lini. Tuulize watoto wanalala vizuri?

Wiki ijayo tutarudi kwenye watoto na simu. Kama nawe umewahi kuhama na watoto kwa ajili ya huduma au kazi, tuandikie ulichojifunza.